Gari la Safari Fupi

Gari letu la kwanza linalala Kisaki. Ni pikapu kuukuu ya dizeli, ina kioo kimoja kisichopanda na kingine kisichoshuka, na iliondoka na mume wangu alipohamishiwa huko kusimamia matengenezo ya reli. Sikuwa na neno. Barabara ya Kisaki ukiiendea na gari la kujivunia utarudi umeshika usukani tu mkononi. Mimi nikabaki Kilakala, hapa Morogoro mjini, na nyumba, cherehani mbili na kuku.

Kazi yangu ni kushona sare za shule. Watoto wetu ni wawili, mmoja kaolewa Dar, mwingine yuko Mbeya kikazi, na wote husema wana shughuli nyingi. Ninawaamini, kwa sababu nisipowaamini nitafanya nini? Kwa hiyo wiki nzima nilikuwa nazungumza na cherehani. Ijumaa jioni mume wangu anafika, Jumapili baada ya misa anaondoka.

Siku hizo mbili ndizo nilizozisubiri, na zilikuwa zinaliwa. Jumamosi asubuhi chai haijapoa tumeshaingia garini: mtungi wa gesi, majora ya vitambaa, sare za kusambaza madukani, unga, maji ya kunywa, pumba za kuku. Tunarudi jua linazama. Anaoga, anakula, anasinzia mbele ya televisheni na rimoti tumboni. Kesho yake misa, kisha pikapu inanguruma na vumbi linabaki getini. Wakati mwingine baada ya kuondoka nilikuwa najiuliza kama nimemtazama usoni hata mara moja, maana nilichokiona sana ni mgongo wake akipakia na kushusha.

Niseme wazi, nilikuwa mpweke, na nilikuwa naogopa. Mtu akianza kuzoea kuishi peke yake hatangazi. Anazoea tu, na wewe unakuja kujua baadaye. Nikawaza kwamba nikipata gari la pili, kigari cha bei ya mkono wangu cha kuzungukia hapa mjini, hiyo mizunguko yote nitaimaliza mwenyewe katikati ya wiki, na Jumamosi itabaki yetu. Tutakaa barazani tunywe chai mpaka ipoe. Wenzangu hununua gari ili waende mahali, mimi nilikuwa nanunua ili mtu akae.

Basi nikaanza kuulizia. Upande mmoja kulikuwa na vigari vya petroli, vile vya Kijapani vilivyokwisha kutumika, ambavyo Morogoro vimejaa kama kuku wa kienyeji. Uzuri wake, hakina siri. Fundi yeyote anakifungua huku anaongea na simu, na spea zipo kila kona. Kioo cha pembeni ukiibiwa asubuhi, mchana unauziwa kilekile. Lakini fundi wangu wa siku nyingi alinikatisha tamaa kidogo. Aliniuliza ninakwenda wapi na wapi, nikamtajia: sokoni, madukani, kanisani, hospitali, kwa muuza pumba.

"Mama, hizo si safari, huko ni kutoka jikoni kwenda sebuleni," akasema. "Injini haijapata moto umeshazima. Utakinywesha mafuta kila siku, na plagi utabadilisha mpaka uchoke."

Upande wa pili kulikuwa na kigari cha umeme cha Kichina. Kilikuwa kimeanza kuonekana mjini, na muuzaji mmoja alikuwa analeta kutoka Dar kwa oda. Hakina oili, hakina plagi, unakichomeka ukutani kama pasi, asubuhi unaondoka. Matumizi yake ni umeme kidogo tu wa luku, wala si kitu cha kukuumiza kichwa. Ubaya wake nao ulikuwepo: umeme ukikatika usiku kucha umekwisha, madimbwi ya masika hakipendi, na siku betri ikifa sijui nani hapa mjini angethubutu kuifungua. Tena hakiendi mbali. Muuzaji aliapa kwamba kikijaa kinafika Mikese, pale jirani tu, na kurudi, ila alipoapa hakunitazama.

Alinipa nikijaribu. Nilitoka nacho mjini mpaka Bigwa nikarudi, na kitu kilichonishangaza ni ule ukimya. Unakanyaga, miti inarudi nyuma, husikii kitu. Karibu na nyumbani kulikuwa na mama mmoja anakatiza barabara na tenga la ndizi kichwani, nikamfikia mgongoni kabisa hajui. Alipogeuka aliruka.

"Mama we! Unakuja kimyakimya kama mchawi! Si upige honi?"

Nilicheka mpaka nikaegesha pembeni. Nilipomaliza kucheka nikatafuta wa kumhadithia, na ilikuwa Jumatatu.

Sasa, kwetu Uluguru jambo kubwa kama gari haliamuliwi na mke na mume wakiwa wamekaa mezani. Ukoo ni wa mama, ardhi ni ya mama, na msemaji wa mambo ya mama ni mjomba. Hata kiwanja hiki cha Kilakala, mjomba wangu ndiye aliyekikanyaga kwa miguu yake kwanza akasema jengeni hapa. Mwanamume anayeoa kwetu anapewa kiti kizuri na paja la kuku, lakini penye kuamua anasubiri aambiwe. Mume wangu ni mtu wa Tabora, watani zetu, na aliupokea utaratibu huu kwa utani tangu mwanzo. Iwe rangi ya ukuta, iwe shule za watoto, jambo likimfikia anauliza, "Mjomba ameshasema? Basi mimi nani, mgeni tu." Watu wanacheka. Na mimi nilikuwa nacheka, ila moyoni nilitamani siku moja agonge meza.

Nikapanda kwa mjomba. Bodaboda ikanifikisha pale barabara inapokwisha, pakabaki kupanda kwa miguu katikati ya matuta ya kabichi na karoti. Nilimkuta anapalilia, amevaa koti la suti na kandambili.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mpwa wangu. Umekonda, au ni huu mlima?"

Nikamweleza yote mawili, la petroli na la umeme. Alisikiliza akiwa ameegemea jembe. Nilipofika kwenye Mikese na kurudi, akanikatiza.

"Yaani likifika Mikese linachoka? Mpwa wangu, gari ni la kufika unakotaka. Kama kuna mahali halifiki, hilo ni toroli. Chukua la petroli."

Hukumu ikawa imetoka. Nikashuka, na jioni ile nikampigia mume wangu kumpa taarifa, si kumwomba ushauri. Nikamwambia kuna haya mawili, mjomba amesema la petroli. Nikasubiri aseme yeye ni mgeni tu.

"Hapana," akasema. "Chukua la umeme."

Niliitoa simu sikioni nikaitazama. Akaendelea kuongea. Alisema safari zangu zote ni za mjini, la petroli litanisumbua kwa mafundi, na mimi siwezi kushinda gereji kila wiki nikidanganywa. La umeme nitalichomeka tu. Atakuja mwenyewe na fundi wa kuvuta waya mzito mpaka kwenye banda la gari, na atahakikisha soketi haipati mvua.

"Lakini mjomba ameshasema," nikamkumbusha.

"Mjomba simpingi. Ila hili naomba liwe kama nilivyosema mimi."

Kama nilivyosema mimi! Tumelea watoto, tumejenga, tumezika wazazi, na sentensi hiyo sikuwahi kuisikia kinywani mwake. Nilifurahi jamani. Nilifurahi kama msichana. Nikasema moyoni, leo mume wangu ameingia ndani ya nyumba yake.

Siku zilizofuata akawa ananipigia kila jioni. Tuliongea matairi, tuliongea namna ya kulinda betri, aliniambia maji yakizidi nusu ya gurudumu nisijaribu, nirudi. Alinitumia jumbe ndefu za sauti kwenye simu, nyuma yake wadudu wa Kisaki wanalia, nami nilizirudia huku nashona. Tangu uchumba hatukuwa tumeongea vile. Wakati mwingine nilibuni maswali ili asikate.

Nikapanda tena mlimani. Nilimwambia mjomba kwamba safari hii nitafuata neno la mume wangu. Nilitegemea anikaripie. Mjomba alinitazama, kisha akacheka mpaka akakohoa.

"Mtani leo ameota ndevu! Haya. Nunua toroli lako." Akanikatia kabichi mbili, akanisindikiza mpaka kwenye njia. Nikashuka nimeinua kichwa, nikiwa mke mwenye mume anayesema.

Gari likaja, jeupe, dogo, na soketi ikafungwa. Mume wangu alimsimamia fundi umeme mpaka skrubu ya mwisho. Wiki ile nilifanya mizunguko yote mwenyewe. Gesi nilibeba, majora yalijaa mpaka yakanifunika kioo cha nyuma, sare nikazisambaza, na kufika Alhamisi hapakuwa na kitu kilichobaki. Ijumaa nikachinja jogoo. Nikatoa viti viwili barazani.

Jumamosi ikafika, ile niliyoinunua. Mume wangu aliamka, akalizunguka gari, akabonyeza matairi, akaja akakaa. Nikamimina chai. Nikamuuliza habari za Kisaki, akasema joto. Nikamhadithia yule mama wa ndizi, akatabasamu. Nikamwambia habari za watoto, akasema nao wakue sasa. Halafu akaweka kikombe chini.

"Gesi ipo?" akauliza.

"Ipo."

"Na pumba?"

"Zimejaa."

"Basi vizuri."

Akawa anatazama geti. Nilitafuta jambo jingine la kusema, na mtu niliyezaa naye nikamtafutia maneno kama mgeni wa harusi niliyekalishwa naye meza moja. Kabla ya saa sita alishakuwa chini ya pikapu, anagonga kitu ambacho sidhani kilikuwa kibovu. Jumapili hakungoja misa. Alisema wingu la upande wa Kisaki halimpendezi.

Ijumaa iliyofuata hakuja, reli ilikuwa na kazi. Na iliyofuata hakuja. Kila mara alinipigia kwanza, kwa adabu, akaniuliza kama gari linachaji sawasawa. Nilimjibu linachaji. Nilipika kidogo, nikala na kuku wananitazama.

Halafu jioni moja nikashindwa kujizuia, nikamuuliza moja kwa moja anakuja lini.

"Si una gari sasa?" akasema. Sauti yake ilikuwa ya upole kabisa, hata hasira niliyokuwa nimeiandaa ilikosa pa kushika. "Mambo yote hapo yanakwenda. Roho yangu imetulia, mama. Hata nisipokuja hutahangaika."

"Basi nitakuja mimi huko."

"Na hilo? Hilo huku halifiki."

Alijibu palepale. Hakufikiri, hakuuliza betri ina kiasi gani, wala hakutaja barabara au matope. Alikuwa analijua jibu siku nyingi. Nikakumbuka jioni zote zile za matairi na nyaya, na sauti zake nilizozirudia huku nashona, nikaona alikuwa ananifunga vizuri nisimwagike, kama mtu anavyofunga mzigo anaouacha kwa jirani. Niliumia, na nitakuwa mwongo nikisema hasira haikuwepo. Lakini kilichoniumiza zaidi ni kwamba alikuwa amenitunza kweli.

"Mabasi yapo," nikasema. "Nitapanda basi."

Nikasikia wadudu wa kule, na mtu mwingine kwa mbali akimwita kula. Sikuuliza ni nani. Huenda ni wenzake wa reli, na sikutaka kujua kama sio.

"Utachoka bure, mama," akasema.

Nikamwambia sawa, akale kabla chakula hakijapoa. Nikakata simu, nikaenda bandani kulichomoa gari. Lilikuwa limejaa.