Kanuni ya Mwalimu Kipengele

Wanafunzi walimwita Mwalimu Kipengele, na kwa jina hilo hakuwa na wa kumlaumu. Alikuwa akifundisha jiografia na soka katika shule moja ndogo ya sekondari, ndogo kiasi kwamba mwanafunzi mmoja akipiga chafya darasa zima linakosa utulivu. Kila mwaka timu yake ilipotolewa kwenye mashindano ya shule, hakuwalaumu mabeki wala kipa. Alilaumu kanuni. Shule kubwa, alisema, zinavua wachezaji kwenye ziwa, yeye anavua kwenye beseni, halafu wote wanapimwa samaki kwa mizani moja.

Mfano huo aliupenda mno. Aliusema nyumbani, aliusema kwa kinyozi, na mwisho aliusema kwenye mkutano wa mwaka wa makocha, akazungumza mpaka soda za wajumbe zikapoteza ubaridi. Alitaka shule zigawanywe madaraja mawili, kubwa zicheze na kubwa, ndogo na ndogo, kwa kufuata idadi ya wanafunzi walioandikishwa. Kocha mmoja aliyekaa nyuma akauliza, "Na shule za mchanganyiko je? Wasichana nao wahesabiwe?"

Mwalimu Kipengele alimtazama kama mtu aliyeuliza ikiwa dunia ni mviringo. "Mwanafunzi ni mwanafunzi," akasema. "Tusianze kubaguana hapa."

Akapigiwa makofi. Mwenyekiti wa kamati, mama wa makamo aliyewahi kuwa mkimbiaji na ambaye mpaka leo hutembea kama anayechelewa, aliyaandika maneno hayo jinsi yalivyo, na kanuni ikapita. Jioni ile mwalimu alimsimulia mke wake mkutano mzima, kisha akarudia sehemu yake yeye. Mke wake alikuwa fundi cherehani, na wakati huo alikuwa amebana pini midomoni akipunguza upindo wa gauni. Mume akaona amekubaliwa.

Kabla msimu mpya haujaanza ikaja barua ya uhamisho. Anapelekwa shule kubwa, upande wa pili wa mji. Alifurahi, tena kwa haraka isiyo na aibu. Miaka yote alikuwa mtetezi wa wanyonge, na kumbe kuacha unyonge kunachukua asubuhi moja tu. Aliaga, akabeba filimbi yake na ramani zake, akaenda.

Alipofika langoni aliona sketi. Aliona sketi nyingi sana. Shule ile ilikuwa ya wasichana tangu ijengwe, na ilikuwa imeanza kupokea wavulana juzi juzi tu. Kwa hesabu ya vichwa ilikuwa miongoni mwa shule kubwa kuliko zote. Kwa hesabu ya wavulana ilikuwa na timu moja, wachezaji wa akiba wachache, na kijana mmoja aliyekatazwa na daktari kukimbia.

"Kwa hiyo tuko daraja la juu," alisema pale pale langoni, kwa sauti. "Nani kaweka kanuni ya kijinga hivi?"

Mlinzi hakujua. Mwalimu alijua, akaomba aonyeshwe ofisi ya mkuu wa shule.

Mechi ya kwanza walifungwa tisa. Kipa wao alikuwa kijana mpole wa kikundi cha midahalo, aliyeupokea mpira kama mtu anayepokezwa sufuria ya moto. Baada ya bao la sita mwalimu aliacha kutoa maelekezo, akabaki kukunja mikono kwa namna ya mtu mwenye mpango. Hakuwa na mpango. Kesho yake akaenda kwa mwenyekiti.

Ofisi ya kamati ilikuwa chumba kimoja nyuma ya uwanja, chenye meza, vikombe vya ushindi visivyo na mifuniko na mfuko wa mipira iliyoishiwa upepo. Mwenyekiti alimkaribisha kiti.

"Mama, tunaonewa," akaanza. "Ninahesabiwa wasichana ambao hawachezi. Ziwa langu limejaa, lakini siruhusiwi kuvua."

"Hilo ziwa nalikumbuka," mwenyekiti akasema. "Lina mwenyewe."

"Sikuwa nimeiona hali hii, Mama."

"Uliulizwa, mwalimu. Ukasema tusibaguane."

Mwalimu alihisi masikio yanapata moto. Angeweza kukiri, kunywa maji na kuondoka na heshima iliyobaki. Badala yake akapandisha mabega. "Basi kama wasichana wanahesabiwa, na wacheze."

Alikusudia kejeli. Mwenyekiti akavuta kitabu cha kanuni, akavaa miwani, akasoma taratibu. Mchezaji halali ni mwanafunzi yeyote aliyeandikishwa katika shule husika. Akavua miwani. "Mwanafunzi ni mwanafunzi. Wacheze tu."

Kuhusu malalamiko yake, alimwambia kuwa kanuni haibadilishwi katikati ya msimu. Kama anataka wahesabiwe wavulana peke yao, alete hoja, itajadiliwa kwenye mkutano wa mwisho wa mwaka. Mwalimu akaiandika hoja hapo hapo, kwa hasira na kwa mwandiko mzuri.

Ile habari ya wasichana aliisimulia katika chumba cha walimu kama kichekesho. Walimu wakacheka. Kichekesho kikatoka mlangoni, kikazunguka madarasa, na siku ya mazoezi kikarudi kwa miguu yake, kirefu, kimevaa glavu.

Alikuwa msichana wa kidato cha tatu waliyemwita Komeo, mlinzi wa goli kwenye netiboli.

"Shikamoo mwalimu. Nimesikia tunahesabiwa."

"Marahaba. Ee, mnahesabiwa, lakini..."

"Basi nimekuja."

Mwalimu alitafuta sababu. Akataja jezi.

"Jezi ya kipa inanitosha. Nimeshaijaribu."

Akamweka golini ili jambo liishe kwa upole. Aliwaambia washambuliaji wapige polepole, akadaka. Wakapiga kwa nguvu, akadaka. Mwishowe mwalimu mwenyewe, na viatu vyake vya kufundishia, akaweka mpira kwenye alama ya penalti, maana aliwahi kuwa winga hatari, au ndivyo alivyokuwa akisimulia. Alipiga. Mpira ulikwenda mkononi mwa Komeo na kiatu kikapita juu ya mwamba. Komeo alikwenda kukifuata, akakirudisha akiwa amekishika kwa adabu, mikono miwili.

"Ulikuwa umelenga vizuri, mwalimu," akasema. "Kiatu kimepita karibu na kona."

Kijana wa midahalo alifurahi kuliko wote. Aliomba ahamishiwe benchi siku hiyo hiyo.

Wakafungwa mawili. Kisha wakafungwa moja. Kisha wakatoka sare na shule iliyowafunga tisa, na kocha wa shule hiyo akakimbilia kwa mwenyekiti, akasomewa kanuni, akarudi kimya. Walimaliza msimu katikati ya msimamo. Mwalimu Kipengele akavimba kichwa. Alianza kuwaeleza watu kuwa kanuni ile ilikuwa na hekima ndani yake, kwamba tangu mwanzo aliliona jambo hili.

"Uliliona lini?" mke wake akauliza. Safari hii hakuwa na pini mdomoni. "Ulipofungwa nne au ulipofika tisa?"

Mkutano wa mwisho wa mwaka ukafika. Mwalimu alikaa mbele, amevaa shati lililonyooshwa, akingoja kupongezwa. Mwenyekiti akasoma ajenda ya tatu: hoja ya kuhesabu wavulana peke yao, na kwa hiyo kuruhusu wavulana peke yao kucheza. Mwalimu alitikisa kichwa akijiuliza ni mpuuzi gani aliyeleta hoja hiyo. Kisha mwenyekiti akasoma jina la mwalimu.

Aliinuka haraka mpaka kiti kikaanguka. "Naiondoa, Mama Mwenyekiti."

"Ikishaingia kwenye ajenda ni mali ya mkutano, mwalimu."

Makocha wa shule kubwa, ambao mwaka uliopita walimwona msumbufu, sasa walimsifu mmoja baada ya mwingine. Mwenzetu ameona mbali. Mwenzetu ana busara. Yule aliyetoka naye sare aliisoma hoja nzima kwa hisia, kama mtu anayesoma barua ya mchumba. Mwalimu akasimama kuipinga. Alisema kuna vipaji vitapotea, alisema mwanafunzi ni mwanafunzi, alisema mengi, na yote yalikuwa kweli. Lakini mtu anayepinga hoja yenye saini yake hasikilizwi, anachekwa. Hoja ikapita. Mikono iliyoipinga ilikuwa miwili tu, wa kwake na wa yule kocha wa nyuma aliyewahi kuuliza swali.

Alimkuta Komeo uwanjani akifunga wavu. Alimweleza bila kuzunguka, maana alikuwa amezunguka njia nzima.

Komeo hakuacha kufunga fundo. "Kumbe. Na hoja ilikuwa ya nani?"

"Yangu."

"Uliileta lini?"

"Kabla hujaja. Nilikuwa nimekasirika."

"Na nilipokuja hukukumbuka kwenda kuifuta."

"Sikukumbuka."

Msichana akavua glavu, akampa. Hakulia wala hakumjibu vibaya, na ingekuwa afadhali angemjibu vibaya. Wiki zilizofuata alimwamkia kwa kipimo kile kile cha adabu kinachotakiwa na shule, bila tone la ziada.

Mwalimu alilala vibaya. Kwa mara ya kwanza hakuona kanuni ya kulaumu. Akarudi kwenye kile chumba cha nyuma ya uwanja, akauliza inahitajika nini ili wasichana wawe na mashindano yao.

"Shule nne zenye timu," mwenyekiti akasema. "Na usiniandikie kitu. Niletee timu."

Akaanza kuzunguka. Makocha walipomwona langoni walikunja uso. "Umeleta kanuni gani tena?" waliuliza, naye akawaambia ameleta ombi. Walimcheka, akacheka nao, maana alikuwa amejifunza kwamba ukijicheka mapema wenzako hupata nafasi ya kukusikiliza. Yule kocha wa nyuma alikubali wa kwanza. Wengine wawili walikubali ili aondoke.

Msimu uliofuata wavulana walicheza daraja la chini na kijana wa midahalo golini. Walifika fainali, wakafungwa kwa mpira uliopita katikati ya miguu yake wakati akijadiliana na refa.

Wasichana walianza Jumamosi moja, kwenye uwanja wenye chaki iliyokolea upande mmoja tu. Komeo alikuja mwishoni kabisa, akapita mbele ya mwalimu, akasimama golini. Dakika za mwanzo alifungwa bao jepesi, akamgeukia mwalimu kwa jicho kali.

"Mpira huo ulikuwa wangu," akasema. "Usiutafutie sababu."

Mwalimu hakuitafuta. Walishinda mawili kwa moja.