Nyasi za Baba Mkubwa

Kijijini kwetu, mbele kidogo ya Kisesa, tulikuwa na ngitili, yaani malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili nyasi zisimame mpaka kiangazi kikolee. Yetu haikuwa na uzio. Baba mkubwa, kaka yake marehemu baba, alizika dawa pembeni mwake na kuwaomba mababu, basi. Ilisemekana atakayeingiza ng'ombe kabla ya ruhusa yake atavimba tumbo na kufa.

Ilikuwa miaka ile wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuja na malori, kila mtu akalima pamba mpaka mlangoni. Malisho mengine yakaisha. Mvua nazo zilichelewa kwa namna ambayo hata wazee hawakuielewa. Mimi nilikuwa mzee wa kanisa, nimemaliza kidato cha nne, na ile dawa ilinikera. Waumini wetu walisali Jumapili, na Jumatatu wakaizunguka ngitili kwa woga kana kwamba Mungu haoni upande ule.

Asubuhi moja, kiangazi kikiwa bado kichanga, nikaswaga ng'ombe wangu hadi pale. Baba mkubwa alinikuta mpakani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umepotea njia?"

"Nimekuja kulisha. Mimi namwamini Mungu, siamini mizizi."

"Na huyo Mungu amekwambia nyasi hizi ni za leo?"

Watu walikuwa wamekusanyika nyuma yangu. Dada yangu, mjane mwenye ng'ombe wawili tu wa kunyweshea watoto maziwa, akapaza sauti: "Kaka, rudi! Ukivimba nani atakubeba, hao wanakwaya wako wembamba?"

Wakacheka, lakini hakuna aliyesogea. Nikaingia.

Nilishinda humo nikijibonyeza tumbo kwa siri. Kila liliponguruma, jasho lilinitoka. Jioni nikatoka mzima, kwaya ikanipokea kwa nyimbo.

Kesho yake jirani akaingiza kundi lake. Kisha kijiji kizima. Nilisimama mpakani nikiwasihi wasubiri kiangazi kikolee.

"Si wewe uliyetufungulia, mzee?" mmoja akaniuliza huku akinipita.

Nikamkimbilia baba mkubwa, nikamwomba aifunge tena.

"Niifunge kwa nini? Umeshawaonyesha kwamba ni mizizi."

Nyasi zikaisha, na mvua haikuja. Wengine waliswaga mifugo kuelekea ziwani, ambako maji yalikuwepo lakini malisho hayakuwepo. Tulifunga na kuomba, tukakesha kanisani. Leo najua ningeweza kuwaambia waumini kwamba Mungu ndiye aliyetuwekea nyasi zile, tuzilinde kwa ajili yake, nao wangenitii. Wakati ule nilitaka kushinda tu.

Ng'ombe mmoja wa dada akafa. Wa pili tulimwinua kila asubuhi, dada akishika pembe, mimi mkia. Siku moja akawa mzito kuliko siku zote. Nikaanza kuomba kwa sauti.

"Inua kwanza, kaka. Utaomba baadaye."

Tukainua. Miguu ya nyuma ikakunjika. Tukainua tena, ikakunjika tena. Watoto walitutazama kutoka mlangoni, kila mmoja na kikombe chake.

Dada akaachia pembe, akaingia ndani, akarudi na kisu. Akanikabidhi mimi.

"Chinja upesi, kabla hajafa," alisema. "Angalau watoto wapate nyama."