Mama Kotekote na Damu ya Asubuhi

Wanafunzi wenzake walimbandika jina la Mama Kotekote. Ukimtafuta jengo la biashara, unaambiwa yuko maabara. Ukifika maabara, unaambiwa ndiyo kwanza ametoka. Alikuwa na miaka thelathini na moja, ana binti wa chekechea, na alikuwa akisomea shahada mbili kwa mpigo: usimamizi wa biashara na sayansi ya tiba. Ndugu walisema amejitwisha mzigo usiobebeka. Mama mkwe wake tu ndiye aliyemwambia, "Soma, mwanangu. Mjukuu niachie mimi."

Akaachiwa kweli. Alimsuka mtoto, akampeleka shule, akawajibu majirani waliouliza huyu mkwe atamaliza lini. Mwaka wa pili Mama Kotekote alipofeli baiokemia na kutaka kuacha upande wa sayansi, mwalimu wake alimkalisha kiti cha mbele wiki sita, akamrudia somo tangu mwanzo bila kumsimanga hata mara moja. Akafaulu.

Mwaka wa mwisho alipelekwa mafunzo ya vitendo kwenye maabara ya kituo cha afya. Wiki ya pili, mama mkwe, ambaye hutumia dawa za presha, akapimwa hapohapo. Majibu yakaonyesha potasiamu iko juu mno, kiwango cha kutishia moyo. Akakimbizwa hospitali kubwa, akatolewa damu upya, akaonekana mzima kabisa.

"Wamenidunga mpaka nimekuwa chujio," alilalamika.

Mkwewe alicheka, kisha akaanza kuhesabu. Huyu alikuwa mgonjwa wa nne kupatwa na hayo wiki ile.

Kesho yake akaanza kuandika: chupa ya damu imefika saa ngapi, imewekwa wapi, imepimwa saa ngapi. Kufuatilia kazi hatua kwa hatua namna hiyo alifundishwa upande wa biashara. Baada ya siku kumi mambo yakawa wazi. Chupa za asubuhi zililala kwenye friji hadi mchana, zikingoja ziwe nyingi ndipo mashine ya kuzungusha na kutenganisha damu iwashwe. Na upande wa sayansi alishajifunza kwamba chembe za damu zikipigwa baridi kabla ya kutenganishwa na majimaji yake, huvujisha potasiamu. Wagonjwa hawakuwa na tatizo. Tatizo lilikuwa friji.

Akamwendea mkuu wa maabara, mzee wa miwani minene, mkavu wa maneno.

"Mkuu, naomba dakika tano."

"Umekuja kujifunza au kutusimamia?"

"Kujifunza, mkuu. Ndiyo maana nimekuja na swali." Akaweka karatasi zake mezani.

Mzee alisoma, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.

"Hili la friji nililikataza zamani," alisema taratibu. "Kumbe limerudi, na mimi nipo hapahapa. Umetusaidia, binti."

Tangu siku ile mashine ikawa inawashwa kila baada ya saa moja, hata kama chupa ni tano tu. Mwezi haukuisha, wagonjwa wa kuitwa tena kwa potasiamu wakawa wa kuhesabu kwa vidole. Mzee hakumsifu mbele za watu, ila kwenye ripoti yake chuoni aliandika mstari mmoja: "Akimaliza, arudi kwetu." Barua ya kazi ya usimamizi wa maabara ilimfikia kabla ya mahafali.

Siku ya mahafali mwalimu wa baiokemia alikuja kumpa mkono. Mama Kotekote akaushika kwa mikono yote miwili, akashindwa kuuachia. Mama mkwe alisimama pembeni na mjukuu, akimkagua juu hadi chini.

"Shahada mbili, joho moja? Mwanangu, wamekupunja."

Mama Kotekote alikuwa amepanga maneno mazuri ya shukrani, ameyarudia njia nzima. Yote akayasahau. Akabaki anasema, "Asante, mama. Asante, mama," machozi yanamtiririka.

"Haya, inatosha," mama mkwe alisema, naye akijifuta kwa ncha ya kanga. "Twende, mtoto ana njaa."