Mama Ving'ora

Mtaani walimwita Mama Ving'ora. Alikuwa mke wangu, fundi wa umeme wa magari. Mimi nilikuwa mpiga rangi katika karakana aliyofanyia kazi. Shule sikuiona, naandika kama ninavyosema.

Gari la zimamoto au la wagonjwa likizeeka na kutupwa, yeye alikwenda kuomba king'ora na taa zake. Wanawake wenzake walipanga vikombe kabatini. Yeye alipanga taa nyekundu na za buluu, vioo vyake amevisugua kwa dawa ya meno. Chumba cha wageni kikaisha. Mgeni akija alilala sebuleni, na kuambiwa asiguse kitu.

Akishatengeneza king'ora, hakukijaribu hivihivi. Alizunguka kwanza kwa majirani, hodi hodi, nitapiga, msitishike. Kisha akakiziba mdomo kwa blanketi. Alisema kikilia bure leo, kesho watu hawapishi.

Wakubwa walituma madereva kuvitaka. Aliwarudisha wote. Honi mnayo, aliwaambia, na mgonjwa hamna.

Mwaka huu akaugua yeye. Gari la wagonjwa likaja, likalia njia nzima, asisogee mtu. Mmoja mbele yetu alitoa mkono dirishani, akatupungia kama anafukuza nzi. Alidhani ni mkubwa mwingine anawahi chakula. Mke wangu akanishika kidole.

"Kizima hiki," akasema. "Masikio ya watu ndiyo mabovu."

Mimi hospitali nilifika. Yeye hakufika.

Kaburi halijakauka, mwanangu wa kwanza akachukua kile king'ora kikubwa cha zimamoto na taa yake. Yeye ni dereva wa mkandarasi. Kampelekea bosi wake. Nilipomuuliza, akanijibu kwamba marehemu hana kazi navyo, na yeye ana watoto wa kulisha. Cha mama yake! Nikataka kunyamaza. Lakini mchelea mwana kulia hulia yeye. Nikachukua mkongojo wangu, nikatoka.

Niliwakuta kwenye njia panda ya soko, foleni imesimama. King'ora cha mke wangu kinalia juu ya gari jeusi. Mama mmoja mwenye beseni la nyanya karuka mtaro kulikimbia, nyanya zimemwagika. Nikasimama mbele ya boneti.

Mwanangu akakizima, akachungulia. "Baba, toka njiani. Bosi anachelewa."

"Anachelewa wapi?"

Bosi mwenyewe akajibu kutoka kiti cha nyuma, kwamba anawahi kikao. Akamuuliza mwanangu huyu mzee ni wa nani. Mwanangu akatazama usukani, kama hanijui.

"Mama yako amefia kwenye foleni kama hii," nikamwambia. "Haya, piga tena nisikie."

Aliweka mkono kwenye swichi. Akauondoa. King'ora hakikulia tena. Akashuka na spana, akapanda juu ya paa, akaanza kulegeza nati. Bosi alimtukana mpaka ya mwisho ilipotoka, kisha akadai funguo zake. Akapewa.

Kesho yake bosi alinunua kingine, kipya, cha dukani. Kila siku kinapita nje ya dirisha langu, watu wanarukia mtaroni, na hakuna anayemuuliza. Huyo simuwezi. Mwanangu hana kazi, amenuna, hanisemeshi. Anune. Mama yake hakukusanya vile vitu ili mtu mzima mwenye afya yake apishwe kwenda kikaoni.