Bundi wa Athene Kwenye Shavu Langu

Chekeni tu, maana hata mimi nikikumbuka najifunika uso kwa shuka. Mimi ni sonara, kibanda changu kiko Nakawa, hapa Kampala, na Jumapili hiyo nilikuwa na sarafu ya fedha ya Athene ya kale (ya kweli kabisa, ina zaidi ya miaka elfu mbili, upande mmoja mungu wao wa kike, upande wa pili bundi kakodoa macho), mali ya mzee Mgiriki wa Bugolobi aliyeniachia niipime nimtengenezee mkufu, na nilipaswa kumrudishia mara tu baada ya ibada.

Sasa suruali yangu ya kanisani mifuko yote imetoboka, na mkononi ningeishikaje nami napiga makofi? Nikakumbuka mzee alivyonisimulia kwamba Waathene wenyewe walikwenda sokoni na sarafu mdomoni, basi nami nikaitia shavuni, nikajiona msomi.

Kumbe mkalimani wetu anaumwa! Mchungaji, Mkongomani mwenzangu, anahubiri Kiswahili, wageni wanajua Luganda tu, akaninyooshea kidole: “Ndugu Bahati, kuya utafsiri.” Ningekataaje mbele ya kanisa zima? Nikatafsiri kwa shavu moja, watu wakidhani jino linaniuma, mpaka mchungaji alipofika kwenye kukemea mapepo akanguruma, “Toka!” nami kwa nguvu zangu zote, “Fuluma!”

Ikatoka. Ikagonga maikrofoni, ikatua miguuni pa Mama Neema wa kwaya, bundi juu.

“Eh Yesu! Ametapika bundi!”

Vigelegele, mafuta ya upako, na shemasi mmoja huyo anakuja na nyundo aiponde. Ikipondeka, hakuna mtu Kampala atakayeniachia tena hata hereni. Nikaeleza ukweli wote, kwa lugha zote mbili, mchungaji akanionea huruma: “Munasikia? Ingine ingali ndani, inasema mambo ya Wagiriki.”

Nyundo ikainuliwa, mimi nimeshikwa mikono yote miwili, basi nikajitupa chini nikaiokota kwa meno.

“Ameirudisha!” kanisa likapiga ukelele.

Nilichomoka mikononi mwao nikakimbia hadi Bugolobi nimefumba mdomo, nikamkabidhi mzee sarafu yake, nzima, yenye mate, akacheka mpaka akakaa chini. Nimeapa, mali ya mteja haitaingia tena kinywani mwangu. Lakini kutafsiri nilikatazwa, na kila Jumapili Mama Neema hanipi mkono mpaka nipanue kinywa, achungulie kwanza.