Matundu ya Bunduki

Mnicheke mkitaka, lakini kwanza mnisikilize. Mama mkwe wangu alitoka Kisumu kuja kututembelea hapa Kericho kwa mara ya kwanza. Ni mwalimu mstaafu wa historia, na aliomba jambo moja tu: apelekwe kuona ile ngome ya zamani iliyo juu ya kilima, inayotazama mji.

Mimi sikuwa nimefika huko hata siku moja. Lakini mkwe mzima atamwambiaje mama wa mke wake kwamba ameishi hapa miaka kumi na minne na hajui njia? Nikatangulia, kifua mbele. Kwenye njia panda mke wangu akasema tuulize. Nikamwambia mwenye nyumba haulizi jikoni ni wapi.

Huko juu tulikuta jengo refu la mawe lisilo na paa, kuta zimejaa matundu. Nikamweleza mama kwamba kila tundu lilikuwa la mtutu wa bunduki. Nikapiga goti, nikafumba jicho moja, nikaonyesha walivyolenga. Mama akaandika yote kwenye daftari.

Mzee mmoja mlinzi alikuwa amesimama nyuma yetu.

"Ngome iko kilima ile ingine," akasema. "Hapa tulikuwa tunanyausha majani chai, zamani. Hizo matundu ni ya upepo."

Mama akafunga daftari taratibu, akanigeukia. "Baba, kwani wewe kule kiwandani si ndiye msimamizi wa kunyausha majani?"

Nikainuka, nikakung'uta goti. Kichwa sikuinamisha.

"Ndiyo, mama. Lakini sisi siku hizi tunatumia feni."