Siku Niliyomfuata Shangazi Kukagua Karanga Mlali

Baba anataka niombe chuo, nisomee mambo ya ubora, halafu niajiriwe kampuni ya ukaguzi wa mazao kama shangazi Rehema. Mimi ni mtu wa kunyamaza, nyumbani wote wanajua. Shangazi ndiye aliyesema, "Usiombe kitu hujakiona. Alhamisi twende wote Mlali."

Asubuhi na mapema alinipitia nyumbani Nkuhungu na gari la kampuni. Akanipa koti la kazi, likanimeza mpaka magotini. Kwa kweli nilijiona mtu. Njiani alinisifia kazi: mshahara unaingia kwa wakati, bima ipo, na nchi unaijua kwa kuizunguka.

"Na ubaya wake?"

Akabadilisha gia. "Huo utauona."

Mbande tuliacha barabara kuu, tukakata kwenda Kongwa. Hapo akaanza masharti. "Tukifika usipokee kitu mpaka nimalize. Hata maji."

Mlali tulikuta ghala la kikundi cha kina mama limefunguliwa. Lori la mnunuzi lilikuwa limeshageuzwa, linasubiri saini ya shangazi tu. Mwenyekiti wao, Mama Ndahani, alitupokea kwa mikono miwili na salamu ya Kigogo.

"Mbukwenyi, karibuni. Kuku yuko jikoni."

Nikamwamkia shikamoo. Shangazi akasema, "Tunashukuru mama. Kwanza kazi."

"Kazi na tumbo tupu? Huku kwetu mgeni asiyekula amekuja na ugomvi."

Wenzake wakacheka. Shangazi naye alicheka, lakini hakukaa.

Alichoma magunia kwa bambo, kile chuma chenye mfereji kinachochota karanga kutoka ndani. Mimi nilishika sinia. Safu za mbele zilikuwa kavu, safi. Nikapumua. Za nyuma zikatoka zimesinyaa, na kipima unyevu kikapanda. Shangazi akapasua karanga moja kwa kucha. Katikati kulikuwa na ukungu wa kijani.

"Mama, hizi mlizilowesha?"

Mama Ndahani akasema, "Hizo za mwisho tulizinyunyizia kidogo, maganda yalainike. Tunabangua kwa vidole, mwanangu. Vitazame."

Vilikuwa vimepasuka kwenye ncha. Shangazi alivitazama, kisha akatoka nje kumpigia simu bosi wake.

Hapo Mama Ndahani akanishika mkono, akanivuta hadi jikoni. "Wewe ni damu yake. Mwambie afumbe jicho moja. Mnunuzi huyu tumemtafuta muda mrefu, akiona tumemwangusha harudi. Na hawa wote wameniamini mimi."

Nilitaka tu aniachie. Nikasema, "Nitamwambia."

Na alipokata simu nikamwambia. Sauti ilitoka kidogo sana. Shangazi hakunikaripia. "Hizi zinakwenda kusagwa unga wa uji wa watoto," alisema, akaninyooshea kalamu. "Haya, zipitishe wewe."

Sikuipokea ile kalamu.

Safu za mbele alizipitisha. Za nyuma akazipiga rangi nyekundu, gunia moja moja, wenyewe wakitazama. Hakuna aliyetukana. Mama mmoja alisema neno kwa Kigogo; mimi sikulielewa, shangazi alilielewa, akainamisha kichwa. Lori likaondoka nusu tupu, dereva hata hakuaga. Shangazi akaanza kumweleza Mama Ndahani kwamba msimu ujao kuna mashine za kubangulia za mkono. "Msimu ujao," alijibu Mama Ndahani, akaingia ndani. Hatukukaribishwa tena.

Kurudi, hadi Kongwa nilikuwa nahesabu moyoni mshahara na bima, nikiviweka upande mmoja, na upande wa pili namweka Mama Ndahani.

Nyumbani baba aliuliza nimeionaje. Nikasema kazi ni nzuri, lakini sijui kama naweza kumwambia mtu hapana huku namtazama usoni.

"Utazoea," alisema baba.

Shangazi alikuwa bado mlangoni, anavua viatu. "Mimi sijazoea, kaka," alisema. "Siku nikizoea nitaacha."